Kipimo cha Siku ya Stefano

Holtenbrook,
Sikukuu ya Kristo Mfalme

Kwako Sista Reinhildis, mdogo wangu kwa tumbo la mama na mkubwa wangu kwa wito,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwa salamu ile ile ambayo marehemu mama alitufundisha kuitoa mlangoni kabla ya kuvua viatu, nikiamini kwamba hapo ulipo umekwisha kuiitikia. Nauliza hali ya kifua chako, ambacho baridi ya Novemba ilikitesa sana mwaka jana. Nauliza hali ya Mama Abesi na macho yake. Nauliza pia habari za yule mnovisi mdogo ambaye uliniandikia kwamba hucheka katikati ya zaburi: je, bado anacheka? Sisi tuliobaki nyumbani tunapumua. Ansgar mwanangu anakusalimu. Marita mkewe anakusalimu pia, ingawa sikumwuliza. Nakuletea salamu zake kwa sababu najua kwamba zamani angezituma mwenyewe.

Barua yako niliipokea Alhamisi, nikaisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimeketi. Umeniuliza kama Lioba, mjukuu wangu, atakuwa amerudi kutoka hospitali kabla ya Noeli. Umenieleza pia kwamba nyumba yenu yote, kwa idhini ya Mama Abesi, imekubaliana kufunga Ijumaa ya kwanza ya Majilio, mkate na maji tu, kwa ajili ya uzima wake. Kwa swali lako jibu langu ni hapana, hatarudi kabla ya Noeli, na kama atarudi baadaye mimi sijui, wala wanaomtibu hawajui. Kuhusu mfungo wenu nina ombi. Lakini ombi hilo likitangulia peke yake litakushangaza, pengine hata kukuudhi. Kwa hiyo nivumilie nikueleze mambo kwa utaratibu wake, kama Baba alivyotuzoesha.

Wakati wa kiangazi nilikuandikia kwamba Lioba amelazwa kwa upungufu wa damu. Sikukudanganya, damu yake ilikuwa imepungua kweli. Lakini lilikuwa neno la kweli kwa namna ambayo mtu aliyeunguliwa na nyumba angesema kwamba amepungukiwa na paa.

Wewe uliondoka nyumbani Baba akiwa ndiyo kwanza amemleta yule farasi dume mdogo kutoka Wales, na majirani wakimcheka barabarani kwamba Averbeck amenunua mbwa wa kuvuta jembe. Trekta zilikuwa zimeingia, farasi wakubwa wa shamba hawakuwa na kazi tena, na Baba aliona mapema kuliko wenzake kwamba farasi atakayebaki katika nchi hii ni yule atakayebeba watoto. Tangu hapo nyumba yetu imeishi kwa poni, farasi wa kimo kifupi. Si wale wanene wa kuzungusha watoto kwenye maonyesho, bali poni wa mashindano, wepesi wa miguu, wenye shingo ndefu, wanaoruka viunzi na kucheza mwendo mbele ya waamuzi sawasawa na farasi wakubwa, huku juu ya tandiko ameketi mtoto. Kazi yetu, nikiitafutia kiini chake, imekuwa ni kumzaa farasi mwenye moyo wa farasi mkubwa na kumzuia asiwe mkubwa. Kuna kimo kilichowekwa, kinapimwa kwa fimbo penye mabega. Anayekizidi, hata kwa upana wa kidole, si poni tena, na kwa wapanda farasi wakubwa ni mfupi mno. Hana pa kwenda. Miaka yangu yote nimechagua madume na majike kwa jambo hilo moja: kwamba wajue kuacha kukua kwa wakati wake.

Hutakuwa umesahau siku ya Mtakatifu Stefano, msimamizi wa farasi. Desturi ya Baba niliiendeleza bila kubadili kitu. Kila mwaka baada ya Misa tulibariki shayiri, kila mnyama akapata konzi yake, kisha fimbo ya kupimia ikatolewa na farasi wote wadogo wakapimwa mmoja mmoja mlangoni pa banda. Wakiisha farasi, walifuata watoto wa nyumba, kwa fimbo ile ile, na alama ikakatwa kwa kisu kwenye mhimili wa mlango. Baba alisema wote ni mazao ya shamba la Mungu na kipimo chao ni kimoja. Alama zako zilikuwa bado zipo, upande wa kushoto, karibu na bawaba. Lioba alikuwa akipenda kuweka kidole chake juu yake na kusema kwamba Sista alikuwa mfupi kuliko yeye.

Lioba aliona kuzaliwa kwa poni wake. Alikuwa bado hajaanza shule, ameketi juu ya mzigo wa nyasi kavu na blanketi mabegani, na mwanafarasi aliposimama nilimpa yeye haki ya kumtafutia jina. Nilimwambia lianze na herufi ya baba wa mnyama, kama ilivyo kawaida yetu. Akamwita Dohle, kwa jina la wale kunguru wadogo wa mnara wa kanisa, kwa sababu naye alikuwa na kichwa cheusi na jicho la kupenda mambo ya watu. Wamekua pamoja. Ansgar alimzoesha mnyama kubeba tandiko, na mwalimu Tebbe, anayewafundisha watoto wa jimbo lote, akamfundisha mtoto. Nimewaona poni wengi na watoto wengi, na nakuambia bila majivuno ya babu: wale wawili walikuwa kitu kimoja. Mtoto alikuwa akifikiri, mnyama akatenda.

Siku ya Stefano iliyopita mwalimu Tebbe alikuwa mgeni wetu. Unamjua kwa maneno tu, basi niseme kwamba ni mtu mwema mwenye ulimi usiopumzika. Dohle alipimwa wa kwanza, akakutwa amesimama pale pale alipokuwa mwaka uliotangulia, tukampongeza kama mtu aliyefaulu mtihani. Akaja Lioba. Nilipoiondoa fimbo kichwani pake na kukata alama, Tebbe aliitazama akapiga mluzi. Akaniuliza, Mzee Clemens, huyu mjukuu unamwekea mbolea usiku? Akasema mnyama kafaulu, mtoto ndiye kafeli. Akamgeukia mwenyewe: mwakani, Lioba, tukutafutie ngamia, maana miguu yako itaanza kufagia uwanja, na wenye mashindano watapunguza wafagiaji. Watu wote wakacheka. Ansgar akasema, mwacheni mwanangu, akikunja magoti nani atajua? Lioba naye akacheka, akasema, basi nitakunja, Baba. Nami nilicheka. Nilikuwa na kisu mkononi na nilicheka.

Maneno yale hayakuwa mzaha mtupu, na mtoto alilijua hilo kuliko sisi. Sheria inamruhusu mtoto kupanda poni mpaka mwaka anaotimiza miaka kumi na sita, naye alikuwa na kumi na nne. Lakini juu ya sheria kuna jicho. Waamuzi wakimwona mtoto mrefu juu ya poni mdogo husema picha imeharibika, na wanaochagua kikosi cha jimbo hupita jina lake kimya kimya. Na mtoto akishampita poni wake, poni huuzwa kwa mtoto mwingine. Ndivyo tunavyoishi. Ansgar alilia poni wake wa kwanza alipouzwa, nikamwambia kwamba mnyama wa mashindano ni kama kibanda cha msafiri, unalala humo ukipita na kumwachia mwenzako. Niliona nimesema neno zuri. Nimelirudia kwa watoto wengi, na kwa Lioba pia.

Kwaresima ikafika. Wewe unakumbuka jinsi mfungo ulivyokuwa kwa Baba, na kwangu haukubadilika. Jumatano ya Majivu kila mtu wa nyumba anaamua moyoni atamtolea Mungu nini, wala hasemi, wala haulizwi. Akiacha nyama, hakuna anayemwambia mbona huli nyama. Akiacha sahani nzima, inaondolewa mezani kama vile haikuwepo. Nimewafundisha hivyo watoto wa kipaimara wa parokia hii tangu nilipotoka seminari kuja kushika shamba: mfungo ni siri ya mtu na Mungu wake, na anayeichungulia ni sawa na mwizi. Basi Lioba alipoanza kurudisha sahani yake jikoni ikiwa na viazi vyake vyote, nilishukuru kimyakimya. Nilijiambia kwamba katika nyumba hii, baada yako, Mungu anajitafutia mwingine.

Marita hakuona nilivyoona mimi. Alinifuata sakristia, nikiwa nakunja kanzu za watumishi wa altare, akasimama mlangoni na koti lake la kazi akinuka banda. Alisema, Baba, huyu mtoto hali. Si kwamba anapunguza, hali. Mwulize wewe, wewe anakusikiliza, mimi nikimwuliza ananiambia Mama unaharibu. Nilimjibu kwa upole, na upole huo sasa unanichoma kuliko kama ningemkaripia. Nilimwambia asiweke mkono wake kati ya mtoto na Mungu. Akaniuliza kama hilo ni ombi au amri. Nikasema ni imani. Akatazama kanzu zile kwa muda, akaenda zake.

Juma lililofuata, katika mafundisho ya kipaimara, nilizungumza juu ya msichana mmoja wa siku zetu, bila jina, ambaye anajua kunyamaza na kujinyima wakati wenzake wanaomba simu na viatu vipya. Wote waligeuka kumtazama. Yeye aliinamisha kichwa. Niliuita unyenyekevu.

Siku ya Pasaka tulirudi na kikapu kilichobarikiwa, na kama desturi mayai yakagonganishwa, lisilopasuka likishinda. Lioba alimshinda baba yake, akalila yai lake mbele yetu, akacheka, nasi tukafurahi kwamba mfungo umekwisha. Lakini siku zilizofuata sahani ikarudi tena kama ilivyokuwa. Hapo nilimwita mwenyewe na kumwambia kwamba Kanisa lina wakati wa kufunga na wakati wa kula. Akaniambia kwamba amemwahidi Mungu kuendelea mpaka Pentekoste, kwa ajili ya kifua cha Sista Reinhildis.

Dada yangu, nilikuandikia habari hiyo. Nawe ukajibu kwa furaha kubwa, ukamtumia ile picha ndogo ya Mtakatifu Lioba, na nyuma yake ukaandika kwa mkono wako kwamba umeanza kupumua vizuri. Picha hiyo anayo mpaka leo, imeegemezwa kwenye bilauri kando ya kitanda chake. Naomba unisamehe kwa nitakayokuambia mbele.

Mwezi wa Juni kulikuwa na mashindano ya kuchagua kikosi cha jimbo. Joto lilikuwa kali. Marita alimfungia mtoto mkate mweusi na jibini, na mkate huo niliukuta jioni ndani ya kikapu cha brashi za farasi, umefungwa vile vile. Dohle aliruka viunzi vyote bila kugusa hata kimoja. Sijapata kumwona mnyama akienda hivyo. Alikuwa kama anayecheza peke yake malishoni. Tebbe alikuwa ameegemea uzio karibu nami, akasema, tazama mzee, kama unyoya, Dohle hajui hata kama kabeba mtu. Akaongeza, na picha imerudi, umeona? Mtoto kajipanga. Baadaye jina la Lioba Averbeck likasomwa kwenye kipaza sauti miongoni mwa waliochaguliwa. Ansgar alivua kofia akaipiga pajani. Mtoto akashuka, akasimama ameshika hatamu, akamwambia baba yake neno ambalo hakulisikia, kisha magoti yake yakakunjika. Alianguka polepole, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba. Dohle hakusogea. Alibaki amesimama juu yake, hatamu zikining'inia, akimnusa nywele, mpaka watu walipofika.

Hospitalini daktari mmoja mwanamke, Bibi Osterkamp, alitukalisha na kuuliza tangu lini mtoto amekuwa hali. Marita alinitazama mimi. Ansgar alitazama mikono yake. Nikajibu mimi, tena kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la heshima: tangu Jumatano ya Majivu. Nikamweleza juu ya mfungo, na desturi ya nyumba yetu ya kutouliza. Daktari aliweka kalamu mezani. Akaniuliza, mzee, na Pasaka ilipopita? Nikamweleza juu ya kifua chako. Hakunikemea. Alinitazama kama mtu anavyomtazama kipofu aliyesimama katikati ya barabara, akapima maneno, kisha akaeleza kwamba ugonjwa ni wa akili kukikataa chakula, kwamba huanza kwa sababu yoyote na baadaye hauhitaji sababu, na kwamba moyo wa mtoto umechoka kama wa mzee wa umri wangu.

Kiangazi kikapita hivyo, na vuli yote. Mara mbili alirudi nyumbani, na mara mbili tukamrudisha. Mimi nilikuwa na faraja yangu moja niliyoificha. Nilijiambia kwamba hili ni jambo takatifu lililopita mpaka, kama lilivyowapata hata baadhi ya watakatifu. Kwamba mzizi wake ni safi ingawa tunda limeoza. Na kwamba Mungu hawezi kuliacha lililoanzishwa kwa ajili Yake. Nilisali kwa maneno hayo hasa. Nilitaka kukuandikia kwa maneno hayo hasa. Jumapili iliyopita faraja hiyo iliondolewa kwangu, na sasa nakueleza.

Nilikwenda peke yangu, kwa sababu Marita alikuwa na homa na Ansgar hakuweza. Kulikuwa na habari ambayo hatukuwa tumempa mtoto, na daktari alikuwa amesema afadhali aisikie kwetu: kwamba Dohle ameuzwa tangu Septemba. Poni wa namna ile hawezi kusimama bandani akingoja. Miaka yake ya kushindana ni michache, na Ansgar hakuweza tena kupita mbele ya mlango wake. Amekwenda upande wa milima ya kusini, kwa familia yenye mtoto wa kike. Nilimwambia hayo nikiwa nimemshika mkono, na mkono wenyewe sitakuelezea. Nilidhani atalia. Aliuliza jambo moja tu. Aliuliza huyo mtoto ana kimo gani. Nikasema ni mdogo, ana miaka tisa. Akasema, basi ana muda.

Nilitafuta neno la kumpa. Nikamwambia kwamba Mungu aliuona mfungo wake, hata kama aliuzidisha, na kwamba hakuna kitu kilichotolewa kwa upendo kinachopotea. Akanitazama kwa huruma. Sikosei neno, ilikuwa huruma. Akasema, Babu, mimi sikuwa nafunga. Akasema alianza siku ya Stefano, siku ile ile, nilipokata alama; kwamba wakati sisi tunakunywa kahawa yeye alirudi bandani peke yake akasimama tena kwenye mhimili, akidhani labda nilikosea. Alitaka abaki pale pale, kama Dohle. Akasema, Kwaresima ilipofika nilifurahi, kwa sababu kwetu Kwaresima hakuna anayemwuliza mtu. Baada ya Pasaka niliogopa mtaniuliza, ndipo nikasema ni kwa ajili ya kifua cha Sista. Halafu akasema, nawe ulifurahi sana, Babu, sikutaka kukuharibia.

Aliyasema yote hayo bila machozi, kama mtoto anayerudisha kitu alichoazima.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hapakuwa na mzizi safi. Hapakuwa na sadaka iliyopita mpaka. Palikuwa na mtoto aliyeona tangu utotoni kwamba katika nyumba hii anayependwa ni yule anayejua kuacha kukua kwa wakati wake, na babu aliyemjengea ukuta wa dini ili asionekane akifa nyuma yake. Nilimfundisha mambo mawili, la bandani na la kanisani, naye akayaunganisha kwa akili kuliko mwalimu wake. Nilipotoka, daktari aliniambia kwamba mifupa yake imeumia, na kwamba hata akipona huenda asiongezeke kimo tena. Amepata alichokuwa akikitafuta. Nilisimama penye ngazi za hospitali nikiwa na rozari mkononi na sikujua nianzie wapi.

Nilipofika nyumbani niliwaambia wazazi wake. Ansgar alichukua randa, akaenda kwenye mlango wa banda, akauparaza mhimili juu mpaka chini, alama zote, za Lioba, zake mwenyewe, zangu na zako. Nilisikia sauti ya randa nikiwa jikoni na sikutoka kumzuia. Fimbo ameivunja. Poni waliobaki wataondoka baada ya Noeli, na siku ya Stefano mwaka huu shayiri itabarikiwa kanisani tu. Marita alisema neno moja ambalo halikuwa na hasira ndani yake: Baba, mimi niliomba ruhusa ya kuuliza. Tangu hapo ananihudumia kama zamani, ananipashia maji, ananiwekea koti karibu na jiko. Kila jioni anaweka mezani sahani ya Lioba na kuipakulia, na tukimaliza anaiondoa ikiwa imejaa. Hakuna anayesema kitu. Ndivyo nilivyowazoesha.

Nimemwomba Paroko anipumzishe mafundisho ya kipaimara. Alidhani ni uzee, nami sikumsahihisha siku hiyo, nitamsahihisha.

Sasa nafika kwenye ombi langu. Mwambie Mama Abesi, kwa heshima zangu zote, kwamba namsihi asiruhusu mfungo huo. Mtu yeyote asifunge kwa ajili ya mtoto huyu. Kama kuna sista amekwisha kuanza kimya kimya, kama nijuavyo kwamba huwa yupo, na aulizwe, na aache. Lioba akisikia kwamba nyumba nzima ya watu watakatifu imekaa na njaa kwa ajili yake, atapata majirani katika njaa yake, na hapo hatutaweza tena kumtoa. Ijumaa ile, badala yake, ninyi kuleni. Kuleni sawasawa, mchana, mezani, kila mmoja na sahani yake. Pikeni ile mboga ya majani ya msimu wa baridi pamoja na soseji, hata kama ni Ijumaa. Mama Abesi ana mamlaka ya kuruhusu. Yule mnovisi anayecheka apakuliwe mara ya pili. Na wewe, ambaye najua umekuwa ukijinyima tangu ujana na hukuwahi kuulizwa, nakuuliza sasa, nikiwa kaka yako: unakula? Nijibu.

Sikuandikii haya kwa kuwa nina tumaini. Nilikuwa nikilitafuta kila asubuhi kama ninavyotafuta miwani, na sasa nimeacha kupapasa. Daktari ametufundisha kwamba anayemtembelea asimbembeleze wala asimtazame mdomoni, ila ale chake mbele yake, taratibu, kama mtu wa kawaida. Kwa hiyo kila Jumapili nakaa kando ya kitanda na mkate mweusi na jamu ya plamu ya Marita, nakula. Chakula hakipiti, lakini nakipitisha. Yeye hunitazama kwa makini, kama mtu anayemtazama mwingine akipanda ngazi na mzigo, kisha hugeuzia uso dirishani.

Nimesema yote niliyokuwa nayo. Msalimie Mama Abesi na masista wote kwa majina yao. Funika kifua chako ukitoka kwenda kanisani alfajiri. Mungu, ambaye sasa nazungumza Naye kwa maneno machache, akulinde na kukuweka.

Na Ijumaa ile mkishamaliza kula, niandikie mlikula nini, kila kitu, na nani alipenda nini, na nani aliongeza. Nitamsomea.

Ni mimi kaka yako,
Clemens Averbeck